Kusoma Hali ya Hewa na Maji ya Kale Katika Mashapo ya Maziwa ya Kaskazini: Mwongozo Kamili

Wanafunzi wanaonitumia nizitazame grafu zao za mashapo, yaani tope lililotulia sakafuni mwa ziwa tabaka juu ya tabaka likihifadhi kumbukumbu za hali ya hewa, hukwama pale pale. Mmoja ana umri uliopimwa kwa kaboni-14, kaboni yenye mnururisho inayopungua kadiri mabaki ya viumbe yanavyozeeka, unaodai kwamba sentimita 10 za juu za ziwa lake zina miaka 3,000. Mwingine hana karne ya 20 kabisa, kwa sababu tope laini la juu lilimwagikia barafuni kabla hajalikata. Wa tatu ameona tabaka nene la udongo akatangaza mafuriko makubwa, kumbe ni mwaka ambao wanakijiji walichimba mitaro. Makosa haya karibu yote hufanyika kabla hadubini haijafunuliwa, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi ziwani na kwenye umri wa matabaka kuliko kwenye takwimu.

Mfano nitakaoufuata ni ziwa dogo la Lapland, kaskazini mwa Finland au Sweden, linalochimbwa mwishoni mwa majira ya baridi likiwa bado limefunikwa na barafu. Maziwa mengi ya huko yalianza kukusanya mashapo baada ya ngao kuu ya barafu kuyeyuka takriban miaka 10,000 iliyopita, kwa hiyo mita chache tu za tope hubeba maisha yote ya ziwa.

## Vifaa vinavyohitajika

Vya ziwani:
- Keekee ya barafu yenye upana wa sentimita 15 au zaidi.
- Kamba yenye alama za mita na uzito mwishoni, au kipima-kina cha mwangwi.
- Kichota-mashapo cha uzito, yaani bomba angavu la plastiki lenye vali juu, linalozama kwa uzito wake lenyewe.
- Kichota cha pistoni au kichota cha Kirusi kwa ajili ya tope la chini.
- Sponji ya kijani ya kupangia maua, vifuniko, tepu na kalamu isiyofutika.
- Vijiti vyenye ncha za msumari vya kujivutia nje ya maji, kamba ya kuokolea, nguo kavu za akiba na mwenzako. Usiende peke yako.

Vya maabara:
- Mizani inayopima hadi miligramu 1, oveni ya nyuzi 105 za Selsiasi na tanuru inayofika nyuzi 950.
- Vikombe vya kauri, chekecheke za mikromita 100 na 250, vibano vyembamba na hadubini mbili: moja ya kukuza mara 25 hadi 40, nyingine mara 1,000.
- Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 na potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10.
- Programu ya takwimu ya R pamoja na vifurushi vya rbacon (cha kupanga umri wa matabaka) na rioja (cha kugeuza orodha ya viumbe kuwa joto), ambavyo hupatikana bure.

Mbali na vifaa, omba kibali cha mwenye maji na mwenye ardhi, na uwape taarifa Wasami wanaochunga kulungu wa Aktiki katika eneo hilo. Mngurumo wa pikipiki ya theluji mwezi wa Aprili, wakati majike yana mimba, si jambo dogo kwa mfugaji.

## Hatua ya 1: Chagua ziwa linaloweza kujibu swali lako

Andika swali kwanza, kisha utafute ziwa. Swali la joto la kiangazi linahitaji ziwa dogo lisilo na mto mkubwa unaoingia, na ikiwezekana liwe karibu na mpaka wa miti, mahali ambapo mabadiliko madogo ya joto hubadilisha mimea na wadudu kwa uwazi. Swali la maji linahitaji ziwa ambalo kina chake au uvukizi wake hubadilika kwa urahisi. Ziwa lenye mto mkubwa unaoingia na kutoka hupitisha maji upesi mno kuweza kuonyesha ukame.

Delta ya mito Peace na Athabasca, kaskazini mwa Alberta nchini Kanada, ni mfano mzuri wa swali kuchagua ziwa. Baada ya Bwawa la Bennett kukamilika mwaka 1968 kwenye Mto Peace, ukavu wa delta ulihusishwa na bwawa hilo. Watafiti waliochota mashapo ya maziwa madogo ya deltani walikuta kwamba vipindi vikavu na vya mafuriko vilikuwa vimepokezana kwa karne nyingi kabla ya bwawa. Jibu hilo lisingeweza kutoka katika ziwa la mlimani, hata lingekuwa na mashapo mazuri namna gani.

Tahadhari: epuka maziwa yenye mawe ya chokaa katika eneo linaloyalisha maji, isipokuwa kama unakusudia kutumia chokaa yenyewe. Sababu utaiona katika Hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Pima barafu, kisha pima kina

Toboa tundu karibu na ufuko na upime unene wa barafu kabla hujasonga mbele, kisha urudie kila baada ya hatua chache. Kwa kundi lenye mizigo, mimi sikubali barafu angavu iliyo chini ya sentimita 15, na pikipiki ya theluji inahitaji zaidi ya hapo. Barafu nyeupe iliyotokana na theluji iliyoloa hubeba takriban nusu tu ya uzito unaobebwa na barafu angavu yenye unene uleule, kwa hiyo ihesabu kwa nusu. Kaa mbali na midomo ya mito.

Kisha toboa matundu kwa mistari inayokatizana na uchore ramani ya kina. Unatafuta bonde tambarare lenye kina, si shimo la ghafla lenye kuta za mwinuko, kwa sababu tope huporomoka kutoka kwenye kuta hizo na kupindua mpangilio wa miaka.

Umefaulu ikiwa: matundu matatu yaliyo jirani yanaonyesha kina kinachotofautiana kwa chini ya nusu mita.

## Hatua ya 3: Chota sehemu ya juu bila kuivuruga

Hapa ndipo karne ya 20 hupotea. Sentimita chache za juu ni maji zaidi kuliko udongo. Zinafanana na uji mwepesi, na bomba zito linaloshushwa kwa kasi huzisukuma kando kabla halijaingia.

Shusha kichota-mashapo polepole mpaka kiwe mita moja juu ya sakafu ya ziwa, subiri kitulie, kisha kiachie kizame kwa uzito wake tu. Funga vali, kipandishe kwa mwendo mmoja usio na mtikisiko, na ukifunike kwa chini kikiwa bado ndani ya maji. Sasa litazame bomba kwenye mwanga. Juu ya tope unapaswa kuona maji masafi, na mpaka kati yake na tope uwe bapa kama meza. Mara nyingine utaona hata vijishimo vya vibuu wa wadudu vikiwa wazi. Maji yakiwa ya kahawia kote, mwaga yote urudie kwenye tundu jingine. Ni heri kupoteza nusu saa kuliko kupoteza miaka 50.

Kata tope hilo palepale, kwa vipande vya nusu sentimita, kwa kulisukuma kutoka chini. Ikiwa lazima ulisafirishe zima, nyonya maji ya juu taratibu kwa mrija, kisha weka kipande cha sponji ya maua juu ya tope. Sponji hunywa maji yaliyobaki na kulishikilia. Usiliache nje likagande kwa baridi ya usiku, kwani chembe za barafu hupasua matabaka.

Kama ziwa lina matabaka ya mwaka mmojammoja, njia bora ni kuyagandisha makusudi yakiwa palepale yalipo, kwa kushusha kisanduku bapa cha chuma kilichojazwa barafu kavu ya nyuzi 78 chini ya sifuri pamoja na alkoholi. Tope hugandia ukutani likiwa na mpangilio wake wote. Kuganda huku ni kwa ghafla, ndiyo maana hakuharibu kama kule kwa taratibu.

## Hatua ya 4: Chota ya chini kwa nguzo zinazopishana

Kichota kirefu huchukua nguzo ya tope yenye urefu wa mita moja kwa mara moja, na maungio ya nguzo hizo ndiyo mahali ambapo miaka hupotea. Kwa hiyo toboa matundu mawili, moja likiwa mita moja kutoka kwa jingine. Katika la kwanza chota mita 0 hadi 1, 1 hadi 2, na kuendelea. Katika la pili anza nusu mita chini, ili kila ungio la kwanza lifunikwe na katikati ya nguzo ya pili.

Endelea mpaka ufike kwenye udongo wa kijivu, mzito na usio na harufu, ulioachwa na barafu kuu. Mpito kutoka kijivu hadi kahawia ya mimea mara nyingi huonekana kwa macho, na mikono yenyewe huhisi bomba likigoma.

Andika JUU na CHINI kwenye kila bomba kabla hujaliweka kwenye sleji. Nimewahi kutumia siku mbili kujadili kipindi cha baridi kilichokuja baada ya kipindi cha joto, mpaka tulipogundua kwamba nguzo ilikuwa imewekwa kichwa chini.

## Hatua ya 5: Tafuta umri, na usiuamini mpaka uulinganishe

Tumia njia tatu kulingana na kina.

Miaka 100 hadi 150 ya mwisho: risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho inayoanguka kutoka hewani. Nusu uhai wake, yaani muda wa nusu yake kutoweka, ni miaka 22.3, kwa hiyo baada ya karne moja na nusu hakuna kinachopimika. Kaskazini ya mbali risasi hii huanguka kwa kiasi kidogo. Panga muda mrefu wa kupima. Kisha ilinganishe na sesiamu-137, ambayo ilifika kilele mwaka 1963 kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, na katika sehemu nyingi za Skandinavia ina kilele cha pili cha mwaka 1986 kutokana na ajali ya Chernobyl. Sesiamu huweza kutembea ndani ya tope lenye mboji nyingi, kwa hiyo itumie kama shahidi na si hakimu.

Miaka iliyo kabla ya hapo: kaboni-14. Hapa ndipo yule mwenye miaka 3,000 alipokosea: alipeleka tope lenyewe maabara. Tope la kaskazini limechanganyika na mboji ya zamani iliyooshwa kutoka kwenye vinamasi na ardhi iliyoganda. Pia mimea inayoishi majini hula kaboni iliyoyeyuka kutoka kwenye chokaa, ambayo haina kaboni-14 hata chembe. Vyote viwili huzeesha jibu. Dawa yake ni kupima mabaki ya mimea ya nchi kavu peke yake: jani la mbetula mdogo, sindano ya msonobari, mbegu.

Chekecha tope kwenye chekeche ya mikromita 250, okota mabaki hayo chini ya hadubini, yaoshe kwa maji yaliyokenekwa, na uyakaushe siku hiyohiyo. Miligramu chache kavu zinatosha. Ukiyaacha kwenye maji ndani ya jokofu kwa miezi, ukungu utaota juu yake na kuyapa kaboni ya leo, na umri utakuwa mdogo kuliko ukweli. Matokeo yanayorudi kutoka maabara si miaka ya kalenda; yabadilishe kwa mkunjo wa IntCal20, ambao hulinganisha umri wa kaboni-14 na kalenda, na ukumbuke kwamba katika hesabu hizo neno "sasa" maana yake ni mwaka 1950.

Majivu ya volkano, ukibahatika. Mlipuko wa Askja nchini Iceland mwaka 1875 uliangusha majivu hadi Norway na Sweden. Huko Yukon, nchini Kanada, majivu meupe ya White River ya katikati ya karne ya 9 huonekana kwa macho. Vipande vya kioo vya majivu lazima vithibitishwe kwa kemia yake, kwa kuwa rangi pekee hudanganya.

Katika maziwa machache unaweza kuhesabu miaka kama pete za mti. Nautajärvi, nchini Finland, lina matabaka ya mwaka karibu 9,900. Theluji inapoyeyuka, mafuriko huleta mchanga mwembamba unaotulia kama utepe wa rangi nyepesi. Kiangazi na vuli huongeza mboji ya kahawia. Chini ya barafu ya majira ya baridi hutulia utepe mwembamba mweusi. Aliyejifunza kwa mashapo ya Ziwa Challa, chini ya Kilimanjaro, itambidi abadili kalenda kichwani, kwa sababu kule tabaka jeupe huletwa na upepo wa msimu mkavu unaokoroga maji na kulisha diatomu, yaani mwani mdogo mno wenye maganda magumu, ilhali huku huletwa na wiki chache za theluji kuyeyuka. Wahesabu wawe wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe.

Ingiza umri wote katika rbacon ili upate mstari wa umri na kina pamoja na upana wa shaka yake.

Umefaulu ikiwa: mstari unashuka bila kurudi nyuma, juu yake unaishia mwaka uliochota, na walau umri mmoja upo kwa kila miaka 1,000. Umri mmoja ukikataa kulingana na mingine, tafuta sababu kabla ya kuufuta.

## Hatua ya 6: Choma sampuli ujue mboji na chokaa

Hii ni kazi ya bei rahisi inayokuonyesha mahali pa kutazama. Kausha sampuli kwa nyuzi 105 usiku kucha na uipime. Ichome kwa nyuzi 550 kwa saa 4, iache ipoe mahali pakavu, uipime tena. Kilichopotea ni mboji: gramu 1.000 ikibaki 0.780, mboji ilikuwa asilimia 22. Ichome mara ya pili kwa nyuzi 950 kwa saa 2. Kilichopotea sasa ni kaboni dioksidi ya chokaa, na ukikizidisha kwa 1.36 unapata kabonati.

Tahadhari: mboji nyingi inaweza kumaanisha kiangazi chenye joto, au udongo mchache ulioingia, au kinamasi kilichoanza kumwaga maji yake ziwani. Kipimo hiki hakichagui kati ya hayo.

## Hatua ya 7: Soma joto kwa viumbe

Kironomidi. Hawa ni jamaa za mbu wasiouma, na vibuu wao huacha vichwa vigumu ndani ya tope. Pasha sampuli moto kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kwa takriban nyuzi 70, chekecha kwa mikromita 100, kisha okota vichwa kimoja kimoja kwa kibano. Unahitaji walau 50 kwa kila sampuli. Kwa tope la kaskazini lenye vichwa haba hiyo inaweza kuwa kazi ya siku nzima. Spishi zinazopenda baridi na zinazopenda joto hutambulika kwa meno ya kidevu, na orodha yake hugeuzwa kuwa joto la Julai kwa kuilinganisha na maziwa mengi ya leo ambayo joto lake linajulikana.

Kosa la kawaida la makadirio hayo ni kati ya nyuzi 1 na 1.5. Mabadiliko mengi ya miaka 10,000 iliyopita yana ukubwa huohuo, kwa hiyo kilele cha nyuzi 0.4 kwenye sampuli moja si habari. Kipimo kizuri cha kujikagua ni kipindi cha kati ya miaka 8,000 na 5,000 iliyopita, wakati msonobari ulipoota juu na kaskazini kuliko leo katika Fennoskandia, yaani Skandinavia na Finland. Kama vibuu wako wanasema hicho ndicho kipindi cha baridi kuliko vyote, rudi Hatua ya 5.

Diatomu. Yeyusha mboji kwa hidrojeni peroksaidi iliyopashwa moto, ukiwa na miwani na glavu chini ya kipitisha-hewa, kisha hesabu maganda 300 hadi 500. Katika Saanajärvi, ziwa la Lapland ya Finland, diatomu za Cyclotella zinazoelea ziliongezeka katika karne ya 20 kadiri kipindi cha bila barafu kilivyorefuka. Barafu inapoondoka mapema, maji ya katikati hupata mwanga na muda. Inapochelewa, diatomu ndogo za sakafuni na ufukoni hutawala.

## Hatua ya 8: Soma maji kwa mstari wa nguzo, si nguzo moja

Nguzo moja kutoka katikati haiwezi kukuambia kwa uhakika kina cha ziwa kilikuwa kiasi gani, nami huwarudisha wanafunzi ziwani kwa sababu hii kuliko nyingine yoyote. Chota nguzo tatu au nne kwenye mstari mmoja kutoka karibu na ufuko hadi kilindini. Maji yakipungua, mawimbi hufika mahali palipokuwa na utulivu: mchanga na vipande vikubwa vya mimea ya ufukoni husogea kuelekea katikati, na tope laini la pembeni huoshwa. Tabaka la mchanga likionekana katika nguzo mbili au zaidi kwa umri uleule, na likizidi kuwa jembamba kadiri unavyokwenda kilindini, maji yalishuka. Likiwa katika nguzo moja tu, huenda ni maporomoko.

Ongeza isotopu za oksijeni, yaani aina zake zinazotofautiana kwa uzito, ikiwa una bajeti. Uvukizi huondoa oksijeni-16 nyepesi kwa urahisi zaidi na kuliachia ziwa oksijeni-18, na selulosi ya mimea ya majini huhifadhi alama hiyo. Kabla ya kuisoma ya kale, isome ya leo: mwishoni mwa kiangazi chota maji ya ziwa, kijito, theluji na mvua. Maji yanapochorwa kwenye grafu ya isotopu za hidrojeni dhidi ya zile za oksijeni, mvua hufuata mstari wenye mteremko wa takriban 8, nayo maziwa yaliyovukizwa huacha mstari huo kwa mteremko wa kama 4 hadi 6. Ziwa lako likikaa kwenye mstari wa mvua, isotopu zake zitakuambia zaidi kuhusu mvua na theluji kuliko kuhusu uvukizi.

## Hatua ya 9: Ondoa mkono wa mtu kabla ya kutaja hali ya hewa

Korttajärvi, karibu na Jyväskylä nchini Finland, lina matabaka ya mwaka mazuri sana, na waliolichunguza waliandika wazi kwamba kuanzia karne ya 18 kilimo na ujenzi viliharibu ishara ya hali ya hewa; matabaka mawili manene yalitokana na uchimbaji wa mitaro mwaka 1930 na ujenzi wa daraja mwaka 1967. Hata hivyo wapo waliokuja kuitumia nguzo hiyo kama kipimajoto hadi nyakati zetu, na ubishi ulikuwa mrefu.

Kwa hiyo kabla hujachora mshale wowote kwenye grafu, tafuta ramani za zamani, kumbukumbu za ukataji miti, mitaro, mabwawa na barabara, na umuulize mzee anayeishi hapo. Chora safu ya matukio hayo kando ya mstari wa umri, kwenye grafu hiyohiyo na si kwenye kiambatisho. Mahali ambapo tabaka na tukio vimegusana, acha sampuli hizo nje ya makadirio ya joto, na uandike chini ya grafu kwamba umeziacha na kwa nini.

Nusu ya kila nguzo isiyokatwa ifunge kwa plastiki na uihifadhi kwa nyuzi 4, kwa sababu mkaguzi wa kwanza wa makala yako atakuomba umri mmoja zaidi.